Dokta Bado Anastaafu: Miaka Thelathini na Mitano ya Kuokoa Meno

Na Imani Rehani, muuguzi, Idara ya Kinywa na Meno

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Daktari Xaveri Mbonde anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Kati ya miaka hiyo, kumi na minane ameitumikia hapa kwetu Lindi, katika kile chumba cha mwisho wa korido ambacho watu huingia wakiwa wameshika shavu. Sisi tuliofanya naye kazi tumepewa nafasi hii katika jarida la hospitali ili tumuage, na jambo la kwanza tulilokubaliana ni kwamba tusimsifie kwa mambo asiyoyafanya, maana angekasirika.

Daktari Xaveri alizaliwa Kipatimu, kwenye vilima vya Umatumbi, katika familia ya wakulima wa machungwa. Alisoma shule ya misheni na alikuwa na nia ya kusomea kazi za maabara. Nafasi za maabara zikajaa, akaambiwa zimebaki za meno. Mwenyewe husimulia kwamba alilia, kwa sababu mtu pekee aliyewahi kumwona akishughulika na meno ya watu kijijini alikuwa fundi baiskeli. Hata hivyo alikwenda, akahitimu utabibu wa meno, na mwaka 1990 akapangiwa Kilwa. Huko alikabidhiwa kiti cha mbao, koleo za kung'olea na ndoo.

Kazi siku hizo ilikuwa moja tu. Mtu alikuja na jino linalouma, akaondoka bila jino. Wagonjwa wenyewe hawakutaka jambo jingine. Yuko mvuvi mmoja aliyetoka Somanga, akaketi, akafungua mdomo na kuonyesha kwa kidole. Daktari Xaveri akamkagua, akaona jino ni zima isipokuwa tundu dogo ambalo lingezibika. Akaanza kumweleza. Yule bwana akamkatiza, "Kijana, mimi sikutoka Somanga kuja kupigiwa hadithi. Toa." Walibishana mpaka foleni nzima nje ikawa inasikiliza na kuchangia. Mwishowe mvuvi alikubali kuzibwa, kwa sharti kwamba likimuuma tena atarudi na watu wa kwao. Alirudi kweli, miezi kadhaa baadaye, na pweza mkubwa wa kuchoma aliyefungwa kwenye mfuko, huku akitafunia jino lilelile kumwonyesha daktari kwamba linafanya kazi.

Lakini wengi wa Kilwa waling'olewa. Siku moja tukiwa kwenye chai ya saa nne, mmoja wetu alimuuliza kwa nini alirudi shuleni akiwa na watoto watatu nyumbani. Akasema, "Kila jioni nilikuwa namwaga ile ndoo. Naangalia, nusu ya yale meno yangeweza kuishi." Alirudi masomoni mara mbili. Mara ya kwanza alitoka na udaktari wa meno, na mara ya pili akajikita katika tiba ya mizizi. Mwaka 2007 alihamia Lindi akiwa ndiye wa kwanza katika hospitali yetu kuifanya kazi hiyo kila siku.

Kwa wasiofahamu, ndani ya kila mzizi wa jino kuna mfereji mwembamba wenye mshipa wa fahamu na damu. Jino likioza hadi kule, au likigongwa vibaya, mshipa huo hufa na mfereji kujaa usaha. Tiba ya mzizi ni kutoboa njia ndogo kutoka juu, kuufikia mfereji, kuusafisha kwa vijisindano vyembamba hadi kwenye ncha, kisha kuuziba. Jino hubaki mahali pake na mwenye jino huendelea kula. Ni kazi ya kujikunja juu ya tundu dogo kuliko punje ya mtama, na haitaki haraka. Mgonjwa akiuliza, "Bado, daktari?" yeye hujibu "Bado," akiulizwa tena anajibu "Bado," kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Ndipo wagonjwa wa mtaa wa Mtanda wakambatiza Dokta Bado, na jina likamkaa. Wapo wanaofika dirisha la mapokezi wakiulizia Dokta Bado bila kujua kwamba ana jina jingine.

Kulikuwa na meno ambayo yalimshinda, na yeye hakuwahi kulificha hilo. Kwa watu wazima, au kwa mtu aliyepata ajali ya jino utotoni, mfereji huweza kujijaza wenyewe taratibu kwa tabaka gumu la jino hadi usionekane. Daktari anabaki akitoboa ndani ya kitu kigumu chenye rangi moja, akiutafuta mfereji mwembamba kama unywele. Akikosea upande kidogo tu, anatoboa ubavu wa mzizi, na jino limekwisha. Dada mmoja muuza duka, Stella, alikuja na jino la namna hiyo. Daktari Xaveri alilitafuta lile tundu asubuhi nzima. Mwishowe akaweka vifaa chini, akamwinua kiti na kumwambia, "Dada yangu, nikiendelea nitatoboa pembeni. Nimefika mwisho wa ninachokijua." Jino likang'olewa. Stella alimshukuru na kwenda zake, lakini daktari hakugusa chakula siku ile. Waliofuata wenye shida kama hiyo aliwaandikia waende Dar es Salaam. Wengi hawakwenda. Walikaa na maumivu mpaka yakawazidi, kisha wakarudi kung'oa.

Ndiyo maana aliposikia kuna mashine inayomwongoza daktari ndani ya mzizi kwa kompyuta, hakutupa raha. Alikuwa na miaka hamsini na saba, umri ambao wenzake wengi walikuwa wakiongea habari za mashamba ya korosho na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa akisoma kuhusu kamera. Hospitali ilipopata eksirei ya meno ya pande tatu, alikiomba chuo kimoja cha meno kituazime mashine hiyo kwa majaribio. Chuo kikakubali kwa sharti: yeye na Daktari Kudra, kijana wetu aliyekuwa amehamia idarani mwaka uleule, waende kujifunza kwanza, kisha wataalamu wa chuo waje kuona tiba ya kwanza ikifanyika hapa. Baada ya hapo wangeamua kama mashine inabaki Lindi au inarudi.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mwalimu Warda wa Mchinga.

Mwalimu Warda ni mama wa miaka sitini na kidogo, mfundishaji wa Kurani ambaye nusu ya wanawake wa Mchinga wamepita mikononi mwake. Alipoingia tulimwamkia chumba kizima, daktari akiwa wa kwanza. Utotoni aliteleza kisimani akapiga mdomo kwenye ukingo, na jino la mbele la juu likageuka rangi kuwa la manjano. Halikumsumbua kwa miaka mingi. Sasa fizi ilikuwa imetunga jipu, linapasuka na kurudi. Alikokwenda kwanza aliambiwa ang'oe, na kusema kweli ushauri ule haukuwa mbaya: picha ilionyesha mfereji umejaa karibu wote, umebaki uzi mwembamba tu kuelekea kwenye ncha.

"Mwalimu, ukiling'oa tunaweza kukuwekea la bandia," Daktari Xaveri alimwambia. "Na lingependeza."

"Kupendeza sikutafuti tena, daktari wangu," akajibu. "Kuna herufi ambazo ncha ya ulimi lazima iguse ukingo wa jino hili. Thaa. Dhaal. Sikiliza." Akazitamka, na hata sisi tusiojua tulisikia zilivyotoka safi. "Mwalimu wangu aliweka la bandia. Thaa yake ikawa na mluzi hadi Mwenyezi Mungu alipomchukua. Wanafunzi wake wote wakajifunza na ule mluzi. Mimi ninao watoto themanini."

Daktari Xaveri akamweleza jinsi mashine inavyofanya kazi, na tunaandika hapa alivyoeleza kwa sababu hatujamsikia mtu akieleza vizuri zaidi. Alisema, "Mashine haitoboi, Mwalimu. Anayetoboa ni mimi. Tumekwishapiga picha ya jino lako pande zote, ipo ndani ya kompyuta. Nitakubandikia kibanio kidogo kwenye meno, kina alama. Drili yangu nayo ina alama. Ile kamera hapo juu inaziangalia alama mbili hizo wakati wote, na kwenye skrini naona ncha yangu ilipo ndani ya jino, mahali ambapo macho yangu hayafiki. Ni kama simu inavyomwonyesha dereva gari lake liko wapi barabarani. Lakini usukani ni wa dereva."

"Na simu ikikosea?"

"Dereva anasimama. Na wewe ukihisi lolote usilolipenda, inua mkono. Ukiinua mkono, mimi natoa mkono. Sitakuuliza kwanza."

Siku ya tiba wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na Daktari Amiri, mtaalamu wa chuo mwenye jina kubwa katika kazi hii. Chumba kilijaa. Mganga Mkuu wetu alisimama mlangoni. Ganzi ilichomwa, jino likazungushiwa mpira mwembamba unaozuia mate, kibanio kikabandikwa upande wa pili wa mdomo, na Daktari Xaveri akaanza. Tulimwona akitazama skrini badala ya mdomo. Alama ya drili ilishuka taratibu kwenye picha, ikiufuata mstari uliochorwa kuelekea kwenye ule uzi. Daktari Kudra alikuwa akimsomea vipimo. Kila kitu kilionekana shwari.

Ndipo Mwalimu Warda akainua mkono. Hakuunyanyua sana, vidole tu juu ya kanga aliyofunikwa.

Daktari Xaveri akatoa drili palepale. Mpira ulikuwa mdomoni, kwa hiyo Mwalimu hakuweza kusema. Alionyesha kwa kidole upande wa kibanio, akakitikisatikisa kidole.

"Kimecheza?" daktari akauliza. Akaitikia kwa kichwa.

Kwenye skrini hakukuwa na dalili yoyote ya tatizo. Mmoja wa wageni akasema kwa upole kwamba alama zinasomeka vizuri, pengine mama amehisi msukumo wa ganzi, na kwamba kimebaki kipande kidogo tu kuufikia mfereji. Chumba kikamtazama Daktari Xaveri. Tulijua, na yeye alijua, kwamba tiba hii ndiyo iliyoshika hatima ya mashine. Akachukua drili ikiwa imezimwa, akaigusisha ncha yake kwenye ukingo wa jino la jirani, jino zima, linaloonekana na kila mtu. Kwenye skrini, ncha ilikuwa inaelea hewani, kando ya jino. Kibanio kilikuwa kimeachia kidogo Mwalimu alipomeza mate, na tangu hapo picha na mdomo havikuwa mahali pamoja.

"Angalia," akamwambia Daktari Kudra, kwa sauti ya kawaida. Kisha akawageukia wageni. "Wazee wangu, leo tunaishia hapa."

Alipiga picha kuhakikisha hajatoka nje ya njia. Alikuwa ameanza kupinda, lakini ukuta wa mzizi ulikuwa mzima. Angesukuma kile kipande kidogo kilichobaki, angetoka ubavuni. Waliafikiana kutobandika upya siku ileile, kwa kuwa Mwalimu alikuwa amechoka na fizi imevimba. Akaziba jino kwa dawa ya muda, akamwinua kiti na kumweleza yote, la kibanio na la njia kuanza kupinda. Mwalimu Warda, nusu ya mdomo ikiwa na ganzi, akasema, "Niliona aibu kuinua, wageni wote hawa."

"Ungeona aibu, tungeumia wote wawili," akamjibu.

Wageni walipanda gari wakarudi Dar es Salaam bila kuuona mfereji waliokuja kuuona. Jioni ile Daktari Kudra alikaa kwenye ngazi za nyuma, macho mekundu. Yeye ndiye aliyekibandika kile kibanio. Alisema mashine itaondoka na kosa ni lake. Daktari Xaveri alivuta kiti akakaa karibu naye. Kisha akamuuliza, "Ulilikausha jino kabla ya kubandika?" Akasema ndiyo, ila si sana, alikuwa na haraka kwa ajili ya wageni. "Basi wiki ijayo tutalikausha sana," akasema, akaenda kufunga ofisi. Habari ikaishia hapo. Hatukumsikia akiirudia, si kwenye kikao, si kwa Mganga Mkuu, aliyeambiwa tu kwamba kibanio cha idara kiliachia.

Mwalimu Warda alirudi wiki iliyofuata, bila wageni. Daktari Kudra alilikausha jino sana, kisha akabandika kibanio tena. Safari hii kila baada ya hatua chache walisimama, wakagusa jino la jirani, wakatazama skrini, wakaendelea. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kisha Daktari Xaveri akaweka drili kando, akachukua kijisindano chembamba kuliko vyote, akakiingiza bila kutazama skrini, akitazama ukuta wa chumba, akitegemea vidole vyake tu. Tuliona uso wake ukibadilika kabla hajasema neno.

"Kimeingia," akasema.

Mwalimu Warda, aliyekuwa amelala pale mpira mdomoni, alijua kwa namna tulivyocheka.

Baada ya wiki chache jipu lilikuwa limekauka na mfereji umezibwa hadi ncha. Siku ya mwisho Mwalimu aliomba kioo. Hakukitumia kutazama uzuri wa jino. Alitamka zile herufi zake moja baada ya nyingine, taratibu, akiufuatilia ulimi wake kwenye kioo, kisha akasoma aya fupi yote. Daktari Xaveri, Mkatoliki wa Kipatimu, alisimama pembeni na glavu zake akiwa ameinamisha kichwa mpaka alipomaliza.

Kuhusu mashine, Daktari Amiri alimpigia simu mwenyewe. Daktari Xaveri aliiweka kwenye spika ili sote tusikie uamuzi, mbaya au mzuri. "Wengi huniita niwaone wakiitumia," sauti ikasema. "Wewe nilikuona ukiisimamisha mbele yangu. Kaa nayo." Daktari Kudra alikimbilia nje na hatukumfuata.

Tangu siku hiyo meno mengi ya aina ile yametibiwa katika chumba kile, ya watu wa Kilwa, Nachingwea, Ruangwa, na wa hapa mjini. Machache yameshindikana pia, na wenye meno wameambiwa hivyo ana kwa ana. Polepole Daktari Xaveri alianza kukaa upande wa kusoma vipimo, na Daktari Kudra akakaa upande wa drili. Hakutangaza mabadiliko hayo. Tuligundua tu siku moja kwamba viti vimebadilishana watu.

Tumebakiza jambo moja, na tumeomba ruhusa ya kulieleza. Mwezi uliopita Daktari Kudra alimwona mwalimu wake akitafuna upande mmoja tu. Alipombana, akakiri kwamba gego lake la chini limekuwa likimuuma tangu mwaka juzi. Mtu aliyewaambia watu wa mkoa mzima wasisubiri alikuwa amesubiri. Picha ilionyesha mifereji imejaa, kazi ileile ngumu kabisa. Alitoa visingizio ambavyo sote tunavijua kwa sababu wagonjwa hututajia kila siku: kwamba halimuumi sana, kwamba atakwenda Dar es Salaam akipata nafasi, kwamba ling'olewe tu yaishe. Mkewe, Mama Yustina, aliyekuja kumletea chakula, akasikia lile la mwisho. "Baba, uking'oa hilo jino nitakuimbia hadithi ya Stella kila siku hadi tuzeeke," akasema. Kumbe alikuwa akiijua miaka yote hii.

Basi akakaa kwenye kile kiti, upande ambao hajawahi kukaa, akashika mikono ya kiti kwa nguvu. Alituambia baadaye kwamba aliogopa kweli, na kwamba taa ile ni kali, angetuambia tuishushe kama angejua. Daktari Kudra akabandika kibanio, akagusa jino la jirani, akatazama skrini, akaanza. Alifanya kazi saa nzima na zaidi. Alipoufikia mfereji wa mwisho alimwita kwa furaha amweleze, hakuitikia. Akamwita tena. Tukainama kumtazama.

Daktari Xaveri Mbonde alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, mikono imelegea pembeni, akikoroma.

Daktari Kudra alisimama akimwangalia kwa muda, kisha akaendelea na kazi taratibu ili asimwamshe.

Daktari, tunakushukuru wewe, tunamshukuru Mama Yustina na watoto waliokuvumilia ukichelewa nyumbani kwa ajili ya mizizi ya watu wengine. Kipatimu barabara ni mbaya na machungwa ni mazuri, nawe unarudi huko na meno yako yote. Yale meno na uyatafunie machungwa miaka mingi, kwa afya, kwa amani, pande zote mbili za mdomo. Sisi huku tunaendelea na kazi.